Mtoto Asiyekaa na Mama Asiyeondoka

Mtaani kwetu Malindi waliniita Kizingiti. Kizingiti hulala mlangoni, watu wakakiruka wakiingia na kutoka, na chenyewe hakijaonekana sokoni hata siku moja. Sikuwa na la kujitetea. Mkeka wangu ulikuwa nyuma ya mlango, pale penye mwanga na upepo, na nikishaukalia asubuhi, kuniondoa ilikuwa kazi ya adhana ya adhuhuri. Siku nikionekana nimevaa buibui, jirani yangu wa mkabala alitoa kichwa dirishani akauliza kwa huruma ya kweli, "Kuna msiba?"

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafaulu kwa kipawa kimoja tu, cha kukaa. Wenzangu walikuwa na akili, mimi nilikuwa na makalio. Mwalimu akisema kaa usome, nilikaa, kitabu kikachoka kabla yangu.

Basi Mungu akanipa binti asiyeweza kukaa.

Sisemi mtundu. Watundu nawajua, nimelelewa nao. Mtundu akivunja kikombe hutazama kwanza kama unamwona. Huyu wangu alivunja kikombe huku akinisimulia habari ya kikombe kingine. Nilimtuma dukani chumvi na mafuta ya taa, akarudi amekumbatia paka mchanga, chumvi hana, chupa ya mafuta hajui kaiacha wapi, na uso wake umejaa furaha ya mtu aliyefanikiwa safari. Siku moja alirudi kutoka shule na kiatu kimoja.

"Kingine kiko wapi?" nikamuuliza.

"Kingine kipi?"

"Kiatu, mwanangu."

Akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mgeni. "Lo! Mama, wallahi nilitoka navyo vyote."

Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliyekuwa akikaa Mambrui na kutujia kila alipotushuku, alikuwa na maelezo yake. Mtoto kazaliwa siku ya bamvua, maji yamejaa pomoni, na damu yake haijapwa tangu siku hiyo. Alimletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa marashi. Mtoto akanywa mpaka tone la mwisho, akasema ni tamu, akaomba sahani ya pili, kisha akatoka mbio hata mlango ukabaki ukipiga. Mavyaa akanitazama mimi, si mtoto. "Huyu kakimbia kwa niaba yenu wawili," akasema.

Jambo la ajabu, na nililiona bila kulielewa, ni kwamba chuoni hakuwa na tabu. Alianza kusoma Kurani akiwa wa miaka mitano, kwenye ile sebule ya maalim ambapo kila mtoto yuko mahali pake mwenyewe katika juzuu na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, wakiyumba mbele na nyuma. Kelele yake ilifika hadi kwangu mlangoni. Binti yangu aliyumba kuliko wote, mpaka wenziwe wakamwachia nafasi asije akawagonga vichwa, na alihifadhi kuliko wote. Maalim alinipitia siku moja akasema, "Mwanao husoma kwa mwili mzima." Nikacheka, nikamshukuru, nikarudi kukaa. Nilidhani ni sifa. Kumbe kanipa dawa mkononi nami nimeifanya pambo.

Tabu ilianza shule ya msingi. Kule hakuna kuyumba. Kule ni dawati, mikono juu ya dawati, midomo imefungwa, macho ubaoni. Darasa la kwanza na la pili alivuka kwa kudra. La tatu alilirudia. Alipofika la nne, nikaitwa.

Nilivaa buibui. "Kuna msiba?" akauliza jirani.

"Bado," nikamjibu.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa msichana wa bara, Mkamba, mgeni wa mwaka mmoja hapa pwani, kijana kiasi kwamba nusura nimwite mwanangu. Alinipa kiti, akakaa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mama, huyu mtoto ananimaliza," akasema. "Si mbaya. Kama angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Anasimama katikati ya hesabu, anaenda dirishani. Anajibu swali sijamaliza kuuliza. Sentensi anaanza vizuri, anaacha hapo kati, anaanza kuchora kuku. Penseli, usiniulize. Nimemchapa, mama, sitaficha. Analia, anasema hatarudia, na anasema kweli kutoka moyoni, halafu anarudia kabla machozi hayajakauka."

"Hata nyumbani ni hivyo," nikasema.

"Mwalimu mkuu amesema mwisho wa mwaka asipopata alama za kuvuka atarudia tena."

Neno hilo "tena" ndilo lililonifanya nisahau hata kuaga vizuri, maana nilijua mume wangu atasema nini.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni, mtu mpole, mcheshi, na siku zote alinuka vitunguu. Jioni ile nilimweleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alinawa mikono polepole.

"Basi atoke," akasema. "Akirudishwa tena, mama yangu atamchukua Mambrui. Atajifunza mapishi, ushoni, mambo ya nyumba."

"Ana miaka kumi na moja!"

"Nami nina macho. Kila siku anakwenda akijua atapigwa, anarudi kapigwa. Wewe ungekwenda? Wewe sokoni tu huendi, na hakuna anayekupiga."

Kwa hilo alinipata, na alijua kanipata, kwa hiyo hakucheka. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sitaki mwanangu akue akijiita mjinga. Mambrui hakuna wa kumwita hivyo."

Nilikuwa na jibu lakini lilichelewa kufika, kama majibu yangu yote, likanikuta nimelala. Jibu lenyewe lilikuwa hili: Mambrui hakuna wa kumwita mjinga kwa sababu hakuna atakayemuuliza kitu. Nilimjua mtoto yule. Aliniuliza kwa nini embe lililoiva linanukia na chungwa bichi halinukii, kisha akaenda zake kabla sijajibu, lakini baada ya siku nyingi akarudi na jibu alilolitafuta mwenyewe. Kichwa kile kifungiwe jikoni kukuna nazi? Asubuhi nilipomwandalia mume wangu chai nilimwambia, "Mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka, ni wangu. Msimguse."

"Wako kufanya nini?"

"Kumsomesha."

"Utatoka nje?" akauliza.

"Yeye ndiye ataingia ndani."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu wa kukaa. Nilidhani binadamu wote husoma kama mimi. Nikatayarisha chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha la barabarani. Redio nikaizima. Paka, yule wa safari ya chumvi, nikamtoa. Nikamkalisha binti yangu juu ya mkeka, kitabu mbele yake, mimi mlangoni kama bawabu, nikasema, "Sasa, kimya. Hapa hakuna wa kukusumbua."

Kimya kile ndicho kilichomsumbua. Ungedhani nimemmwagia upupu. Alijikuna, akageuka, akahesabu boriti za dari, akaniuliza kama boriti zina majina, akalala chali, akainuka. Niliposema "tulia" akatulia kweli, nikauona mwili mzima ukifanya kazi ya kutulia, meno yameumana, vidole vimeshikana, na macho hayaoni hata herufi moja ya kitabu. Mtoto aliyekuwa akitulia kwa nguvu zake zote hakubakiwa na nguvu ya kusoma. Na mimi bawabu, katika ukimya ule mzuri, nililala. Niliamshwa na sauti ya jirani ikiita, "Kizingiti! Mwanao yuko juu ya ukuta wetu anafundisha kuku!"

Tuliendelea hivyo karibu mwezi. Kila siku nilibana zaidi, na kila siku alisoma kidogo zaidi ya kidogo. Sikuacha. Kuacha kunataka kuinuka.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwa nimeshakata tamaa kwa siku hiyo moja. Nilirudi kwenye mkeka wangu wa mlangoni, nikatoa miyaa, yale makuti membamba ya mkoma tunayosukia, nikaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, wa mkeka mpya. Wanawake wa kwetu husuka ukili huku wakifanya kila kitu kingine cha mdomo: kusengenya, kuimba, kulea, kugombana. Mkono una njia yake na mdomo una njia yake. Binti yangu akaja akaketi ubavuni pangu, akachota miyaa bila kuomba, akaanza wake. Alijua kusuka tangu zamani, ukili wake ukienda upande kama kaa. Nami kwa uchungu wangu nikawa nasoma jedwali la kuzidisha kwa sauti, si kwa kumfundisha, ila kama mtu anayeimba kwenye maziko ya matumaini yake.

"Saba mara saba arubaini na tisa. Saba mara nane hamsini na nne. Saba mara tisa..."

"Na sita."

"Nini?"

"Hamsini na sita," akasema, macho kwenye ukili. "Na jana kule chumbani ulikosea papo hapo."

"Jana ulikuwa ukisikiliza?"

"Jana sikuweza kusikiliza, nilikuwa nikitulia. Lakini hilo kosa nililisikia."

Mkono wangu ulisimama, wake haukusimama. Nikachukua kitabu cha jiografia, nikasoma ukurasa mzima wa mito ya Kenya, taratibu, nikimtazama kwa pembe ya jicho. Alisuka. Alitikisa goti. Mara mbili alimchungulia paka. Nikafunga kitabu. "Sabaki unaanzia wapi?" Akanijibu. "Tana je?" Akanijibu, akaongeza kwamba nimetamka jina la mlima vibaya.

Siku ya pili, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutoamini raha, nilimnyang'anya miyaa nikamsomea ukurasa mwingine. Hakubakiwa na hata mto mmoja kichwani. Nikamrudishia miyaa, mito ikarudi. Ndipo maneno ya maalim yaliponirudia. Husoma kwa mwili mzima. Chuoni hakuna aliyemwambia atulie, kwa kuwa kuyumba ndiko kusoma kwenyewe. Sisi huku tuliukata mwili tukautupa nje, tukakidai kichwa peke yake kisome.

Siku hizi hali hiyo ina jina, lenye herufi za Kizungu, na wapo madaktari na walimu waliosomea jinsi ya kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Wakati ule jina lake lilikuwa kiboko. Sikuwa na daktari wala kitabu, nilikuwa na kishungi cha miyaa na miezi michache. Nikavaa buibui.

"Kuna msiba?"

"Kuna mikeka!" nikamjibu jirani, nikapita.

Nilikwenda shule bila kuitwa, jambo ambalo mwalimu mwenyewe alilishangaa. Nilimweleza yote, kuanzia chuoni hadi mto Sabaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Mama, unataka mtoto asuke mkeka ndani ya darasa langu?"

"Ukili tu. Mwembamba. Chini ya dawati."

"Leo yeye, kesho darasa lote! Mwalimu mkuu akiingia aone nini? Kiwanda? Niseme nini, somo la leo ni majamvi?"

"Useme ni huyu mmoja."

"Na wengine wakiuliza mbona yeye?"

"Wale wenye miwani wakivaa, wengine huuliza mbona wao?"

Akatikisa kichwa. "Mtoto anayesuka hasikilizi, mama. Mikono ikicheza, kichwa kiko kwa mikono."

Sikuwa na hoja nyingine, na nilijua nikitoka pale bila neno lake, safari ya Mambrui imekwisha funga mizigo. Nikamuuliza tu, kama mtu anavyouliza akitafuta muda, "Kwenu bara hamsuki?"

"Tunasuka. Viondo." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Nyanya yangu anasuka kiondo akitembea. Anatoka nyumbani anaenda shamba, kamba iko mkononi, vidole vinaenda, na njia nzima anakuambia habari za watu wote wa kijiji, nani alimwoa nani, ng'ombe wa nani alikula..."

Akaacha hapo kati ya sentensi, kama binti yangu.

"Na hajikwai," nikasema taratibu.

"Hajikwai." Akatazama dirishani, kule watoto walikokuwa wakicheza. "Na hasahau kitu, huyo mama. Hata deni la marehemu." Akafikiri, kidole mdomoni. "Wiki mbili. Atakaa nyuma, karibu na dirisha. Akisumbua mtu hata mmoja, miyaa naichoma."

"Ichome na mimi ndani yake."

"Wewe utachelewa kushika moto, mama," akasema. Kumbe habari zangu zilikwisha fika shuleni.

Mengine aliyabuni yeye mwenyewe, na ni haki nimpe sifa yake. Alimpa binti yangu kazi ya kugawa maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembetatu, na ya kufuta ubao kila somo likiisha, ili ainuke kwa ruhusa kabla ya kuinuka bila ruhusa. Alimkatia hesabu vipande vipande, nne nne, akimaliza anampelekea mwalimu, anapewa nyingine nne. "Nikimpa ishirini anaona bahari," aliniambia. "Nikimpa nne anaona beseni." Na kiboko akakiweka kabatini kwa ajili ya mtoto yule, akasema amechoka kumchapa mtu kwa jambo asiloweza kulizuia. Sikupata kumuuliza kuhusu wengine, na mpaka leo najuta kidogo.

Mimi nyumbani nikajifunza kutuma jambo moja kwa wakati mmoja. Chumvi. Akirudi, mafuta ya taa. Kwa mtu apendaye kukaa ni mateso kuita mara mbili, lakini nyumba ilianza kupata chumvi. Asubuhi kabla hajatoka tulikagua mwili kuanzia juu: kichwa, mkoba, penseli iliyofungwa uzi shingoni, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili. Mume wangu alituangalia akinywa chai. "Mwanajeshi anakwenda vitani?" akauliza. Nikamwambia ndiyo.

Si kila siku ilikuwa njema. Zipo siku alirudi analia, ameitwa fundi mikeka. Ipo wiki alipoteza miyaa, kitabu na kandambili, na mwalimu akaniletea salamu kwamba amechoka. Nilimtumia halua na ujumbe kwamba nami nimechoka, tuchoke pamoja.

Mtihani ulipokaribia ikaja habari mbaya. Mwalimu mkuu alisema chumba cha mtihani hakiingii kitu mkononi ila kalamu. Mwalimu wetu alimwendea, akarudi kapa. Siku hiyo mavyaa wangu alikuwa amekwisha kuja kutoka Mambrui, na kikapu kikubwa kitupu. Hakusema cha nini. Alikiweka pale pale penye mkeka wangu, akakaa pembeni yake.

"Mikono mitupu hawezi," nikamwambia mume wangu.

"Basi umejaribu," akasema kwa upole. "Si haba."

Nilisuka ukili mwembamba kuliko wote niliopata kusuka, wa miyaa minne tu, nikaukunja nikaushona ukawa pete. Nikamvisha binti yangu kidole cha mkono wa kushoto. Pete haikatazwi. Kidole gumba kikiitaka kazi, kiizungushe. Tulifanya mazoezi na pete ile kila alasiri, nikimpa maswali manne manne, akiizungusha mpaka ngozi ya kidole ikawa nyekundu. Asubuhi ya mtihani tulikagua kichwa, mkoba, penseli, viatu, pete. Mavyaa wangu alikuwa akitazama.

"Na hiyo ni hirizi ya nani?" akauliza.

"Ya mama yake," binti yangu akamjibu, akatoka. Alirudi mbio, alikuwa amesahau kubusu mkono wa bibi yake, akambusu, akatoka tena.

Majibu aliyaleta mwenyewe, akikimbia, karatasi imekunjamana. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho miongoni mwa waliovuka.

"Wa tatu kutoka mwisho!" mume wangu akasema.

"Waliovuka," nikasema. "Soma neno lote."

Akalisoma. Akaisoma karatasi tena, kisha akaenda nyuma ya nyumba kunawa uso, na hakuwa ametoka kazini. Mavyaa wangu akavuta kikapu chake, akatia ndani ule mkeka mpya ambao nusu ya ukili wake ulikuwa umesukwa na mtoto, ukienda upande kama kaa. "Sitarudi mikono mitupu," akasema. Akaulalia mpaka alipofariki.

Ningependa kuishia hapo, nirudi kukaa. Lakini mtoto hukua, na dawa ya mwaka huu haimtoshi mwakani, kama viatu. Mfumo mpya wa elimu ulikuja na darasa la nane, na alipofika huko alikuwa msichana mrefu mwenye haya. Nikamwekea miyaa mkobani kama kawaida, akaitoa akaniwekea mapajani.

"Mama, hiyo ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. Naonekana ajuza."

"Ajuza aliyefaulu."

"Mama."

Nilishikilia, kwa kuwa kushikilia ndiyo kazi yangu. Tulivutana kwa muhula mzima, mimi na miyaa yangu, yeye na haya yake. Kukimbia kulikuwa kumekwisha kuondoka miguuni, kukahamia kichwani. Alikaa darasani kama mtu mkubwa huku mawazo yake yako Lamu, akirudi somo limekwisha. Alianza kazi saba akamaliza nusu ya moja. Alilia kwa jambo dogo, akacheka kabla ya kufuta machozi. Mara hii hakuwa na yule mwalimu Mkamba, aliyehamishwa kwao, na mimi sikuwa na ujanja. Siku moja nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza tangu mwanzo: "Wewe mwenyewe unaona nini kitakusaidia?"

Alikuwa nalo jibu, ila hakuna aliyekuwa ametaka kulijua. Akaanza kusoma akitembea uani, kitabu mkononi, kutoka kisimani hadi ukutani, akijieleza kwa sauti. Akakusanya watoto wadogo wa mtaa awafundishe yale anayotakiwa kuyajua yeye, kwa kuwa akifundisha hawezi kuondoka katikati. Na mambo asiyotaka kuyasahau aliyafunga mafundo kwenye pindo la leso yake, kama sisi tunavyofunga sarafu: fundo la insha, fundo la sayansi, fundo la kumrudishia mwenzake rula. Jioni aliyafungua moja moja. Lipo fundo moja alilolikumbuka kwamba ni la jambo muhimu sana, ila jambo lenyewe hatulijui mpaka leo.

Alifaulu. Safari hii si kutoka mwisho. Akaitwa shule ya wasichana ya bweni, juu Kaloleni, na baba yake ndiye aliyemnunulia sanduku, akalibeba mwenyewe mtaani ili aulizwe ni la nani.

Nilimpeleka mimi. Mwalimu mkuu wa kule, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alitazama karatasi zake, akamtazama yeye, aliyekuwa akitikisa goti.

"Huyu ni mtulivu?" akaniuliza.

Zamani ningesema ndiyo nikamwombea kwa Mungu. "Si mtulivu, mwalimu," nikasema. "Mpe kazi ya kusimama, atakusikia. Mpe jambo moja moja, atamaliza. Ukimwona anatembea na kitabu, usimwite, ndiyo anasoma. Na mwulize mwenyewe, anajijua."

Akavua miwani. "Mama, wewe ni mwalimu?"

"Mimi ni kizingiti," nikasema, na binti yangu akacheka mpaka akaziba uso.

Tuliachana langoni. Hakugeuka nyuma, alikuwa amekwisha kuona kitu fulani kule mbele. Nikarudi Malindi, nikafika mlangoni mwangu, nikauona mkeka wangu ulivyoninyooshea mikono. Nikakaa. Nikanyoosha miguu. Nikasema alhamdulillahi, sasa mpaka Idi hanitoi mtu hapa.

Mguu wangu ukagusa kitu. Kiatu cheusi cha shule, kipya, cha kushoto, kilichopaswa kuwa sandukuni, kimekaa kando ya mlango kikitazama nje.

Nilikitazama sana. Mume wangu alitoka jikoni, akakitazama na yeye, akafungua mdomo, kisha kwa hekima ya miaka mingi akaufunga. Asubuhi yake nilivaa buibui mapema, kabla chai haijachemka. Dirisha la mkabala likafunguka.

"Jana Kaloleni, leo tena? Kuna msiba?"

Nikamwinulia kiatu akione. "Kuna shule," nikamjibu, nikaruka kizingiti.